Yadi Mbili na Nusu za Kaki

Nyasho, Musoma
Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Magesa,

Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza, na kutoka Mwanza unashika treni ya Tabora kwenda chuo cha ualimu. Leo ndiyo siku yako ya mwisho nyumbani. Na leo hii umeamka kabla yangu, umepiga pasi shati, umedandia lori la Butiama kwenda kumuaga Mwalimu Mafuru. Mimi uliniambia, "Baba, wewe nitakuaga kesho pale kituoni." Yaani yeye ametengewa siku nzima, mimi nimeachiwa zile dakika za utingo kupakia mizigo. Nikajibu kwamba ni sawa. Si sawa. Nimekaa hapa barazani kwenye cherehani yangu nina wivu, na afadhali niliseme neno hilo mapema, maana barua yote hii inatoka humo.

Habari za chandarua, na kutoazima watu viatu, na kula ukashiba, mama yako ameshakuambia mara tatu na atakuambia ya nne. Siyarudii. Mimi nina jambo moja ambalo nimekuficha miaka saba. Limo ndani ya begi lako, chini kabisa, nimelifunga kwenye gazeti. Usilifungue kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Ulikuwa darasa la sita. Unaukumbuka mwaka ule: maduka ya mjini yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni ikifika watu walikuwa wanakimbia kabla hawajaambiwa ni sabuni. Mama yako na jirani walikuwa na kanga moja nzuri, wakipokezana kwenda nayo kanisani. Na mimi fundi, cherehani ninayo, mikono ninayo, kitambaa sina. Kazi niliyobaki nayo ilikuwa kugeuza kola. Shati la mtu likichakaa shingoni, naifumua kola, naigeuza nje ndani, naishona upya, mwenyewe anavaa mwaka mwingine. Nilijulikana kwa kazi hiyo kuanzia hapa Nyasho mpaka Suguti kwetu nilikozaliwa. Mtu akipita njiani, nilikuwa namtambua kwa kola kabla sijamtazama usoni.

Ndipo akaletwa Mwalimu Mafuru shuleni kwenu, akaanzisha skauti. Mtu mfupi, miguu myembamba, soksi zimepanda mpaka chini ya magoti na hazishuki. Mpaka leo sijajua alizifunga na nini, na sijamuuliza, nisimpe hiyo furaha.

Tangu hapo nyumba yangu ikawa na baba wawili. Tukikaa kula, wewe ni "Mwalimu anasemaga hivi," "Mwalimu hafanyagi hivyo." Ulifunga mafundo kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye mguu wa kitanda, kwenye shingo ya mbuzi. Kaptula ya shule ambayo mama yako alikuwa anakusukuma uifue, sasa ulikuwa unaifua bila kuambiwa. Siku moja tunatoka kwenda ibada, ukanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni ukasema, "Baba, chomekea shati." Mimi! Fundi wa nguo! Nilichomekea, lakini sala ya siku ile sikuisikia.

Tena kulikuwa na ule mkono. Nilipita shuleni kwenu nikakuona unasalimiana na Mwalimu kwa mkono wa kushoto. Kwetu hatumpi mtu mkono wa kushoto, hata ukiwa umebeba mzigo unautua kwanza. Nikakuuliza, ukaniambia ndivyo skauti wanavyosalimiana, kwa sababu mkono ule uko upande wa moyo. Nikakwambia moyo wangu nao uko huko huko, na sijawahi kumdharau mtu kwa mkono huo. Mama yako akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wewe baba Magesa," akasema, "unamwoneaga wivu mwalimu wa mtoto, utafikiri amekuja kuoa hapa."

Nilikataa. Nilikataa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Halafu Mwalimu akapata kibali cha kitambaa. Sijui alizunguka ofisi ngapi. Alikuja hapa barazani na jora la kaki begani, kaki nzito, nzuri, ambayo sikuwa nimeigusa muda mrefu. Mlikuwa watoto kumi na wawili mnaokwenda kutoa ahadi ya skauti Butiama, mbele ya wazazi na kiongozi wa skauti wa mkoa. Akaniambia, "Fundi, nimekuja kwako kwa sababu kazi yako naiona kwenye shingo za watu." Ilikuwa sifa, tena ya kweli. Lakini baada ya hapo akatoa karatasi mfukoni, amechora sare yote kwa penseli, akaanza kunifundisha. Shati mifuko miwili, kila mfuko na kifuniko na kifungo chake. Mabegani, vipande vya kufungwa kwa kifungo, ili hata kamba ikipitishwa isianguke. Mfuko wa kushoto uachwe wazi, beji haishonwi mpaka mtoto awe ametoa ahadi. Kaptula iishie vidole vinne juu ya goti. Skafu izungushwe vizuri, ipite juu ya kola, ije mbele kwenye pete yake.

"Juu ya kola?" nikamuuliza.

"Juu. Kola inafunikwa, fundi. Haionekanagi."

Kola ndiyo kazi yangu, Magesa. Ndiyo pekee iliyokuwa inatulisha mwaka ule. Nikamuuliza kwa nini basi nihangaike nayo. Akanijibu kwa upole kwamba kola ikiwa mbaya skafu haikai.

Ungeniuliza wakati ule sare ni ya nini, ningesema ni ya majivuno. Yeye alinieleza huku anakupima, kwa sababu alichukua futi yangu shingoni mwangu bila kuniomba, akaanza na wewe. Alisema kwamba mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mvuvi wa Kibara wakisimama pamoja asiwepo wa kuwajua yupi ni yupi. Na kwamba mtu aliyepata shida barabarani amwone aliyevaa vile, amwite, na asikataliwe. Skafu ni bandeji, mkanda ni kamba, filimbi ni ya kuitia msaada. Hakuna kitu pale cha urembo, alisema. Wewe ulikuwa umesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Mimi nikikupima ulikuwa unajinyonganyonga, unacheka unatekenywa, nakwambia tulia mara kumi. Yeye alisema mara moja, "Simama wima, Magesa," na ukasimama.

Hapo ndipo nilipoharibika. Siwezi kutafuta sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Nilishona sare kumi na moja. Nilizishona vizuri, hilo hata adui yangu atakubali. Kitambaa cha kumi na mbili, yadi mbili na nusu, nilikikunja nikakiweka kwenye sanduku langu la Suguti, chini ya koti la marehemu babu yako. Halafu nikakwambia kitambaa hakikutosha, na kwa kuwa mimi ndiye fundi, siwezi kumnyima mtoto wa mtu ili nimpe wa kwangu. Tazama nilivyolipamba! Mama yako mwenyewe alinisifu kwa hilo. Niliona kwamba usipokuwa na sare hutakwenda, na usipokwenda utarudi kuwa wangu.

Wewe uliuliza swali moja tu. "Baba, hata vipande vya kuunga havipo?" Mtoto wa fundi, ulijua kwamba kitambaa huungwa. Nikakwambia havipo.

Na ukaenda hivyo hivyo. Tulipanda wote lile lori la pamba, wewe na shati jeupe la shule na kaptula ya bluu, katikati ya kaki kumi na moja. Nilifikiri utalia ukabaki. Hukulia. Kule Butiama mlipangwa mstari, na nikauona uzuri wa kazi yangu, na nikakuona wewe mwisho wa mstari. Kumbuka maneno yale, kwamba asiwepo wa kuwajua yupi ni yupi. Watoto kumi na moja sikuweza kuwatofautisha kwa mbali. Mmoja kila mtu alimwona, na mimi ndiye niliyemfanya aonekane.

Yule kiongozi wa mkoa alipofika kwako akasimama. "Huyu mbona hivi?" Mwalimu akatoka mbele. Hakujitetea. Akavua skafu yake mwenyewe, ile ya bluu yenye ukingo mweupe, akaizungusha taratibu, akakuvalisha. Ilikuwa kubwa, pete yake ilikufika tumboni. Akarudi mahali pake shingo tupu, na kiongozi akamsema mbele ya watu kwamba haiwezekani mkuu wa kundi asimame bila skafu. Akasema, "Ndiyo, afande." Wewe ulikuwa unamtazama. Hujawahi kunitazama mimi hivyo, na nilikuwa nimesubiri unitazame hivyo maisha yako yote.

Ningependa kukuandikia kwamba niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa wivu tena, mkali kuliko wa mwanzo, kwamba hata uovu wangu ameugeuza ukawa sifa yake.

Kilichofuata hukukijua, kwa kuwa wazazi hatukukisema mbele ya watoto. Mwaka ule walanguzi walikuwa wanasakwa. Kitambaa cha kibali kikipungua, watu hawaulizi kimepunguaje, wanauliza kimeuzwa wapi. Maneno yakaanza hapo kwenye bomba la maji: Mwalimu amekula kaki ya watoto. Kamati ya wazazi ikakaa. Nikaitwa. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya Mwalimu, "Fundi, kitambaa kilitosha, hakikutosha?"

Mwalimu alinitazama. Yeye alilipima jora lile mwenyewe, mkono kwa mkono, hapa barazani, na mimi nikamwona akilipima.

Nikasema, "Hakikutosha."

Akasema, "Basi nilipima vibaya mimi. Kosa ni langu."

Wakamwondoa kwenye skauti. Muhula uliofuata akaomba uhamisho kurudi kwao Butiama. Wewe uliambiwa amehamishwa kikazi, ukalia siku mbili hutaki kula hata sato, na mimi nikawa nakubembeleza. Nilikubembeleza, Magesa, mkono huu ninaoandikia ukiwa mgongoni mwako.

Kabla hajaondoka likatokea lile la Bunda. Uzi ulikuwa umeniishia, nikasikia Bunda kuna mtu anao, tukaenda wote wawili kwa lori. Nikaruka kabla halijasimama vizuri, kama kijana, nikaangukia mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Watu walijaa, kila mmoja na dawa yake, mwingine anasema uvutwe, mwingine unyooshwe. Wewe ukasema, "Msimguse," kwa sauti ambayo sikuijua. Ukatoa mfukoni ile skafu ya Mwalimu, aliyokuachia tangu Butiama, ukaikunjua, ukaupitisha mkono wangu ndani, ukafunga nyuma ya shingo yangu, fundo likakaa pembeni lisiniumize. Kule zahanati, mganga aliuliza nani kafunga. Ukasema, "Mimi. Mwalimu alinifundishaga." Akasema hatabadilisha.

Basi nikavaa skafu ya Mwalimu Mafuru wiki tano. Nilipita nayo Nyasho nzima. Nililala nayo. Ilikuwa na harufu ya sabuni yako na jasho langu, na usiku mkono ukiniwanga nilikuwa nawaza kwamba kitambaa chake kimenishika na kitambaa chake kingine nimekifungia.

Alikuja kuniona kabla ya kuhama. Wewe ulikuwa ziwani kuogelea. Aliingia, mimi nikataka kuinuka nimpe mkono, wa kulia umefungwa. Akanyoosha wa kushoto. Sikuwa na mwingine, nikampa. Tukasalimiana kama skauti, mimi na yeye. Hakukaa sana, hakunywa hata chai. Mlangoni akageuka akasema, "Kaki haiozagi haraka, fundi. Ukiiweka vizuri inakaa." Akaondoka. Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba kwako hatasema. Nimesubiri miaka saba aseme. Kila ulipotoka kwenda Butiama kumtembelea nilikaa hapa nikisubiri urudi uso umebadilika. Leo pia nimesubiri tangu asubuhi.

Siku hizi mitumba imejaa sokoni. Kaki za kila nchi zimelala chini kwenye turubai, watu wanazipekua kwa miguu. Hakuna anayegeuza kola, mtu anatupa shati ananunua jingine. Ile kaki ambayo mwaka ule ingeweza kumfunga mtu, leo haina maana kwa yeyote isipokuwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa bado hajui.

Ijumaa nililifungua sanduku. Haikuoza. Mama yako aliikuta juu ya meza akauliza ni nini, nikamwambia yote. Alikaa kwenye kigoda mpaka ugali ukaungua. Halafu akainuka, akawasha mkaa wa pasi, akaniwekea pembeni. Hajanisemesha sana tangu hapo, na usimlaumu.

Yadi mbili na nusu zilikuwa za shati na kaptula ya mtoto wa miaka kumi na tatu. Wewe sasa una mabega ya wajomba zako wa Kibara. Kaptula imeshindikana, utatafuta mwenyewe. Shati limetoka, lakini mgongoni nimeunga, vipande vitatu. Vya kuunga vilikuwepo, mwanangu. Vilikuwepo siku ile uliyoniuliza. Ile karatasi ya penseli nilikuwa nayo bado, nimeifuata mstari kwa mstari: mifuko miwili yenye vifuniko, mabegani vifungo, mfuko wa kushoto wazi kwa ajili ya beji yako.

Ukishakuwa mwalimu utaanzisha skauti, najua. Na siku moja atakuja mzazi amenuna, anajibu kwa mkato, anatafuta makosa hata kwenye filimbi. Usimwone mbaya moja kwa moja. Mpe kitu ashike. Mwambie ampime mtoto wake mwenyewe, yeye kwanza, wewe uandike vipimo. Mwalimu Mafuru alikuwa mtu mzuri kuliko mimi, nimechelewa kulisema na linanikwaruza hata nikiliandika, lakini ile futi angeniachia mimi.

Kesho ukishapanda basi, sitarudi nyumbani. Nitavuka barabara nipande lori la Butiama. Nitamtafuta Mwalimu, kisha nitarudi naye tukae mbele ya kamati, wale wazee waliobaki, niseme kilitosha. Sijui atakavyonipokea. Wewe vilevile sijui utakavyonipokea ukishasoma hapa, na ndiyo sababu nimeiweka barua begini badala ya kukusomea usoni. Naogopa kukuona ukibadilika. Ukitaka kukaa muda bila kuniandikia, kaa. Ila shati usilitupe.

Jambo moja la mwisho, kisha nakunja. Kola ya shati hilo nimeishona siku nzima ya jana. Nimeipiga mishono mitatu kwa mkono, imekaa kama imemwagwa pale. Katika maisha yangu sijashona kola nzuri kuliko hiyo. Kwa tabia yangu unavyoijua, nilitaka nikuombe uivae wazi, skafu uiweke mfukoni, watu waione. Nimeandika hivyo kwanza, nikachana karatasi.

Vaa skafu ya Mwalimu, izungushe vizuri, ipitishe juu. Ifunike yote.

Baba yako,
Fundi Manyama